PRESHA INAPOSHUKA: TUTHIBITISHE KABLA YA KUTIBU

(Mazungumzo kwa vijana na wazazi, mwezi wa Ramadhani)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na swahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, kila Ramadhani ikiingia twasikia mengi juu ya presha ya kupanda. Punguza chumvi, punguza sambusa, usimalize sahani nzima ya viazi vya karai peke yako. Ni maneno mazuri. Lakini presha ya kushuka haina msemaji. Mtu akishikwa na kizunguzungu baada ya alasiri twasema, "Ni swaumu hiyo, akifuturu itamtoka." Na mara nyingi kweli humtoka.

Lakini iko presha ya kushuka ya namna nyingine. Ni ile ya mama aliyelazwa thieta ili apasuliwe azae, ya mtoto aliyefikishwa hospitali na homa kali huku mikono na miguu imekuwa baridi, ya mgonjwa wa figo aliyelala kwenye mashine ya kusafishia damu. Hiyo haingojei adhana ya magharibi. Ikishuka sana, ubongo, moyo na figo hukosa damu, na dakika chache zaweza kuharibu jambo lisilotengenezeka tena.

Mimi nasoma mambo ya afya chuo kikuu, na kabla ya chuo nilikaa madrasa. Leo nataka nikuonyeshe jambo moja ambalo nimelikuta pande zote mbili: si kila linalosemwa na watu wengi ndilo kweli, hata wakiwa wema na nia yao ni safi. Lazima lithibitishwe. Na katika jambo hili la presha, mmoja wa uthibitisho mkubwa duniani ulipatikana hapa hapa pwani yetu.

TANGI, PAMPU NA MIFEREJI

Kwanza tuelewane, presha ni nini? Fikiria maji ya nyumbani. Liko tangi, iko pampu, na iko mifereji inayopeleka maji kila chumba. Sisi wa Kisauni, Likoni na Changamwe hatuhitaji kufunzwa sana habari za maji kukosa nguvu! Ukifungua mfereji na maji yakatoka kwa kudondoka, sababu ni moja kati ya tatu. Ama tangi limepungua, ama pampu imechoka, ama mifereji imekuwa mipana kuliko maji yaliyomo.

Mwili ni hivyo hivyo. Tangi ni damu na maji ya mwilini: mtu akivuja damu, akiharisha au akitapika sana, hupungua. Pampu ni moyo. Mifereji ni mishipa, nayo huweza kulegea na kutanuka kwa sababu ya dawa za nusukaputi au maradhi yaliyoingia ndani ya damu.

Sasa angalia. Tangi likiwa limepungua, ongeza maji. Lakini kama tatizo ni pampu, ukiongeza maji huenda ukaipa mzigo isiouweza. Na kama mifereji imelegea, dawa ni kuibana. Presha ni ile ile iliyoshuka, lakini tiba si moja. Hapo ndipo ilipo hatari ya kauli yetu tunayoipenda mno: "Daktari, mtie dripu."

Wallahi hii dripu imekuwa kama mtihani. Mgonjwa akirudi nyumbani bila dripu, jamaa husema hakutibiwa. Wengine hulipa kliniki ya mtaani ili tu watiwe, wakaamini wamepata nguvu. Dripu ni dawa, ndugu yangu. Na kila dawa ina wakati wake na kipimo chake.

MAMA ALIYE THIETA

Tuanze na mama. Kupasuliwa wakati wa kuzaa ni katika operesheni zinazofanywa kwa wingi, na mara nyingi mama hadungwi dawa ya kulala kabisa, hudungwa sindano ya mgongo. Huwa macho, lakini kuanzia kifuani kushuka chini hasikii maumivu. Ni njia nzuri. Lakini sindano hiyo hulegeza mishipa ya sehemu ya chini ya mwili, na presha huweza kushuka ghafla. Juu ya hayo, mama akilala chali, uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mama huhisi kichefuchefu, kizunguzungu, hata akasema roho yamtoka. Na mtoto tumboni hupungukiwa na hewa, maana yeye hutegemea damu ya mama yake.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kinga ni kumjaza mama maji kabla ya sindano. Ni jambo lililoonekana la akili kabisa. Lakini tafiti zilipolinganisha, maji peke yake yalionekana hayatoshi, kwa sababu tatizo hapa hasa ni mifereji. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo wa pamoja: dawa ya kubana mishipa itumike kama kawaida ili kuzuia, isingojewe presha ianguke ndipo itafutwe. Maji yaende pamoja na dawa, na mama aegemezwe kidogo upande wa kushoto. Hata dawa zenyewe zililinganishwa. Efedrini, iliyotumika miaka mingi, ilionekana kuvuka kwenda kwa mtoto na kuongeza asidi katika damu yake kuliko fenilefrini. Mambo haya hayajulikani kwa kukisia, yalipimwa.

Na kuna mama anayevuja damu baada ya kuzaa. Huyu tangi lake ndilo linalopungua. Ubaya ni kuwa mwili wa mwanamke kijana hujikaza. Huweza kupoteza damu nyingi huku presha bado yaonekana nzuri, kisha ikaanguka kwa mara moja. Kwa hiyo anayengojea presha ishuke ndipo ajue kuna hatari, amechelewa. Sisi wa Likoni twaijua hesabu hii vizuri: mgonjwa akihitaji kuvushwa ng'ambo usiku, kila robo saa ina thamani yake.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti ulioitwa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Jambo lenyewe halikuwa la ajabu. Chini ya mama huwekwa karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za kupimia damu, badala ya kukisia kwa jicho. Damu ikifika kiwango cha hatari, tiba zote hutolewa pamoja bila kungoja moja ishindwe ndipo ifuatwe na nyingine: kusugua tumbo la uzazi, dawa za kulikaza na za kuzuia damu, dripu, na kutafuta panapovuja. Kuvuja kukubwa kabisa, kupasuliwa kwa ajili ya damu hiyo, au kufa, yote yakihesabiwa pamoja yalipungua kwa asilimia 60. Fikiria hilo! Tofauti kubwa ilianzia kwenye kupima.

SOMO LA KILIFI

Sasa tufike Kilifi. Ukitoka Kisauni ukashika njia ya Mtwapa, ni mwendo wa kama saa moja na zaidi kidogo. Pale kwenye hospitali ya Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI kilichoanza mwaka 1989 kwa ushirikiano na Wellcome Trust ya Uingereza.

Katika miaka ya 2000 vitabu vya udaktari duniani vilisema hivi: mtoto mwenye homa kali, ambaye mikono na miguu imekuwa baridi na damu haizunguki vizuri, atiwe maji mengi kwa haraka kwenye mshipa ili mzunguko wa damu urudi kabla presha haijaanguka. Ndivyo ilivyofundishwa Ulaya na Marekani. Huku kwetu hospitali nyingi hazikuwa zikifanya hivyo, na watu wakasema ndio maana watoto wetu wafa. Lakini hakuna aliyekuwa amelithibitisha jambo lenyewe kwa watoto wa Afrika, wengi wao wakiwa na malaria na upungufu wa damu, katika hospitali zisizo na mashine za kupumulia.

Basi watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi wakaanza utafiti ulioitwa FEAST mwaka 2009. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi hapa Kenya, Teule, Muheza, huko Tanga, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Waliingizwa watoto 3,141. Kwa kura, thuluthi moja walitiwa maji ya chumvi kwa haraka, thuluthi moja walitiwa maji yenye albumini kwa haraka, na thuluthi moja hawakutiwa maji ya haraka. Hawa wa mwisho hawakuachwa hivi hivi! Walipata dawa za malaria, dawa za kuua bakteria, damu kwa waliohitaji, na maji ya kawaida ya kuwatosheleza, polepole. Watoto wa kuharisha na kutapika, na wenye utapiamlo mkali, hawakuingizwa, kwa sababu tiba yao ni nyingine.

Kila mtu alitarajia kuona maji ya haraka yakiokoa maisha. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikichungulia matokeo ikasema: simamisheni. Katika kila watoto 100 waliotiwa maji ya haraka, karibu 11 walikufa ndani ya masaa 48. Katika kila 100 ambao hawakutiwa, walikufa 7. Tofauti ni zaidi ya watoto 3 katika kila 100, na ilionekana katika hospitali zote. Walipochunguza zaidi, waliona wengi wa waliozidi hawakufa kwa kujaa maji mapafuni kama ilivyodhaniwa. Ni moyo na mzunguko wa damu ndio ulioshindwa.

Hapa tuwe waadilifu tusizidishe maneno. Watoto 29 ambao presha yao yenyewe ilikuwa imeanguka vibaya waliwekwa kando, na wote walitiwa maji, hakuna aliyenyimwa. Kwa hiyo FEAST haikusema dripu ni sumu. Ilisema kumjaza maji haraka mtoto mwenye homa na dalili za mzunguko dhaifu, katika hali za hospitali zetu, kwaweza kumuua. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko dhaifu asitiwe maji ya haraka.

Je, kwa watu wazima? Huko Lusaka, Zambia, watafiti waliwachukua wagonjwa 212 wenye maambukizi ndani ya damu na presha iliyoshuka, wengi wao wakiwa na virusi vya ukimwi. Kundi moja lilitibiwa kwa utaratibu wa maji mengi ya mapema pamoja na dawa za kubana mishipa na damu. Kundi la pili lilitibiwa kama kawaida ya pale. Matokeo ya mwaka 2017: kundi la kwanza walikufa 48 katika kila 100, la pili 33. Lakini Marekani mwaka 2023, utafiti wa wagonjwa 1,563 wenye presha iliyoshuka kwa maambukizi ulilinganisha maji mengi na maji machache, na vifo vikakaribiana. Waona? Tiba ile ile, mahali tofauti, matokeo tofauti. Ndio maana hatuwezi kuishi kwa kuazima majibu ya wengine peke yake. Lazima maswali yaulizwe hapa, kwa miili yetu na hospitali zetu.

ISNADI YA DAWA

Wewe uliyesoma madrasa, hili si geni kwako. Imamu Bukhari (Allah amrehemu) hakuipokea hadithi kwa sababu tu mtu aliyeileta ni mcha Mungu, au kwa kuwa mji mzima waisema. Aliuliza: umeisikia kwa nani? Na huyo kwa nani? Kumbukumbu yake ikoje? Walikuwako watu wema, wa kuswali usiku na kufunga mchana, na bado riwaya zao zilihesabiwa dhaifu kwa sababu ya kusahau. Wema wao haukukataliwa. Kilichokataliwa ni neno lisilo na uthibitisho.

Utafiti wa tiba ni kazi inayofanana na hiyo. Daktari aliyemtia mtoto maji alikuwa mwema. Kitabu alichofuata kiliandikwa na wataalamu. Nia zote zilikuwa safi. Lakini nia safi haizuii mtoto kufa. Kura ile ya utafiti si kamari. Ni njia ya kuhakikisha makundi yanalingana, asije mtu akawachagua wenye afuweni upande wa dawa anayoipenda.

"JE, WATUFANYA PANYA?"

Najua swali lililo moyoni mwako, maana nimelisikia barazani mara nyingi. "Hao wazungu waja kutujaribia sisi." Swali hili si la kijinga, na atakayelipuuza hatapata imani ya watu. Zimetokea tafiti mbaya duniani. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili waangaliwe tu. Hiyo ni dhuluma, na kutokana na mambo kama hayo ndipo zikawekwa sheria za kulinda watu.

Lakini pima kwa haki. Katika FEAST, watoto walioumia ni wale waliopewa kile ambacho vitabu vya dunia vilikiita tiba bora. Bila utafiti kingeendelea kutolewa, na kila mtoto aliyekufa ungeambiwa ni ugonjwa. Utafiti ndio uliofichua. Na kwa kuwa mtoto aliye mahututi hangoji mzazi asome karatasi, mzazi aliombwa kwanza ridhaa ya mdomo, kisha mtoto alipotulia akaelezwa yote kwa utaratibu, na akawa na haki ya kukataa.

Basi ukiombwa wewe au mtoto wako kuingia katika utafiti, usikimbie wala usikubali kwa kutishika. Uliza: mwatafuta kujua nini? Nisipoingia nitapata tiba gani? Hatari yake ni ipi? Naweza kutoka wakati wowote? Ni kamati gani ya maadili iliyokubali? Ni nani atakayenishughulikia nikiumia? Anayekujibu vizuri, kwa lugha unayoielewa, huyo anakuheshimu. Anayekukasirikia kwa kuuliza, muache.

TUFANYE NINI RAMADHANI HII

La kwanza, usimfiche daktari swaumu yako. Ukiwa una operesheni, sema kama umefunga na mara ya mwisho ulikula na kunywa saa ngapi. Kwa operesheni ya kupangwa, mtu mzima kwa kawaida huambiwa aache chakula masaa 6 na maji matupu masaa 2 kabla ya nusukaputi. Aliyekula daku akaingia thieta alasiri amekaa bila maji muda mrefu zaidi, na mwili mkavu hustahimili vibaya presha inaposhuka. Allah amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo ni rehma, si aibu. Waulize mashekhe wetu, na umuulize daktari, wote wawili.

La pili, usijipangie dawa za presha mwenyewe. Wako wanaozimeza mbili kwa pamoja wakati wa futari, wakaanguka msikitini kwenye tarawehe. Wako wanaoziacha kwa sababu eti wanaenda kupasuliwa. Utafiti wa POISE-3, wenye wagonjwa 7,490 katika nchi 22, uliochapishwa mwaka 2023, ulijaribu kuzuia presha isishuke wakati wa operesheni, pamoja na kuzisimamisha baadhi ya dawa hizo. Maradhi ya moyo na mishipa baada ya operesheni hayakupishana na kundi la pili. Yaani hata mabingwa hawana jibu moja la kumfaa kila mtu. Peleka dawa zako zote kwenye mfuko, daktari azione, akuambie ipi umeze na ipi uache.

La tatu, mgonjwa wa figo akiwa kwenye mashine na akahisi kizunguzungu, jasho au mikazo ya misuli, aseme pale pale. Asivumilie kwa haya. Maji yanayotolewa yaweza kupunguzwa kasi.

La nne, tuache kulazimisha dripu. Muulize daktari: presha yake ni ngapi, na sababu ni tangi, pampu au mifereji? Mpimie na nafasi ya kufikiri. Lakini mtoto anayeharisha na kutapika, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti na mkimbize hospitali, maana huyo tangi lake ndilo linalokauka.

La tano, tutoe damu. Mama anayevuja anahitaji damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Ukiwa umetimiza miaka 16, una uzani wa kilo 50 au zaidi na afya yako nzuri, nenda baada ya futari, ukiwa umekula na kunywa. Vijana wa msikiti mmoja wakijipanga, wanaweza kujaza friji ya hospitali kabla ya Idi.

Ndugu zangu, wale wazazi wa Kilifi na Muheza walioridhia watoto wao waingie katika utafiti, hatuyajui majina yao. Wengine walirudi na watoto wao, wengine walirudi na maiti. Lakini leo daktari wa Mombasa, wa Kampala na wa mbali huko, akimshika mtoto mwenye homa, husita kabla ya kufungua maji ya dripu kwa kasi. Kusita huko kumetoka kwao. Tuwaombee dua katika siku hizi tukufu, na tuwe watu wa kuuliza na kuthibitisha.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, awape shifaa wagonjwa wetu, na azikubali swaumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.